Bingwa wa samaki wa mawe aliyeshindwa kumtambua binadamu

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndivyo walivyonena wahenga, na hakuna mchuuzi wa samaki atakayebishana nao. Lakini je, bingwa wa samaki mwenyewe akioza kwa jambo moja, elimu yake yote nayo itupwe? Swali hili limewasumbua watu wa Uswisi na Marekani kwa miaka mingi, na chanzo chake ni mtu mmoja aliyeitwa Louis Agassiz.

Huyu alikuwa mwanasayansi mwenye sifa kubwa katika karne ya 19. Aliwajua samaki waliogeuka mawe kuliko mtu ye yote wa zama zake. Lakini alipokutana na mtu mweusi uso kwa uso, macho yale yale yaliyoweza kumtambua samaki kwa gamba moja tu hayakuweza kumtambua binadamu mwenzake.

Msomaji huenda ukauliza sisi tunahusikaje na Mswisi aliyekufa mwaka wa 1873. Tunahusika kwa mambo mawili. Kwanza, mafundisho yake juu ya Mwafrika yaliwapa nguvu watu waliotaka utumwa uendelee, na baada ya utumwa kwisha, wale waliotaka mtu mweusi abaguliwe. Pili, samaki mmoja miongoni mwa wale aliowapa majina ana mwenziwe aliyelala katika udongo wa Tanzania, na habari ya samaki huyo tutaifikia.

MTOTO WA MCHUNGAJI

Agassiz alizaliwa tarehe 28 Mei, 1807, katika kijiji cha Môtier nchini Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Mama yake, Rose Mayor, alikuwa amezika watoto wanne kabla yake, kwa hiyo huyu wa tano alilelewa kwa mapenzi makubwa na hofu nyingi.

Kijiji hicho kiko kando ya ziwa. Louis na mdogo wake Auguste walishinda majini wakivua, na samaki waliowakamata waliwatia katika birika la mawe lililokuwa nyuma ya nyumba, ambalo lilijaa maji ya chemchemi. Hapo mtoto alikaa akiwatazama wakiogelea.

Jamaa zake walitaka awe mfanyabiashara. Yeye akasihi aachwe asome. Basi wakakubaliana asomee udaktari, kazi ambayo ingemlisha. Alisoma Zürich, kisha Heidelberg, kisha Munich. Shahada ya udaktari aliipata mwaka wa 1830, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Huko Munich kulikuwa na samaki walioletwa kutoka Brazil na wasafiri wawili, Spix na Martius. Spix alipofariki mwaka wa 1826 kabla ya kuwaeleza samaki hao, Martius alimkabidhi kijana Agassiz kazi hiyo. Kitabu kilitoka mwaka wa 1829, mwandishi akiwa na umri wa miaka 22.

Kitabu hicho alikitabaruku kwa Georges Cuvier wa Paris, mwanasayansi aliyesifika kote Ulaya kwa elimu ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Mwishoni mwa mwaka wa 1831 Agassiz alikwenda Paris kumwona. Mzee huyo alikuwa amekusanya kwa miaka mingi maandishi na picha za samaki wa kale kwa nia ya kuandika kitabu. Alipoona kazi ya kijana huyu alimpa vyote. Miezi michache baadaye, Mei 1832, Cuvier akafa. Urithi ukabaki mikononi mwa Mswisi asiyekuwa na fedha hata za kula vizuri.

Aliyemwokoa ni Alexander von Humboldt, msafiri na mwanachuoni wa Kijerumani, aliyempelekea fedha na kumsaidia kupata kazi ya ualimu katika mji wa Neuchâtel, Uswisi, mwaka huo huo wa 1832.

SAMAKI WENYE NGAO

Samaki aliowashughulikia Agassiz walikuwa visukuku, yaani masalio ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Wengi walitoka katika miamba ya kipindi cha Jurasiki, kilichoanza yapata miaka milioni 201 iliyopita na kwisha yapata milioni 145 iliyopita. Hizo ndizo zama za mijusi mikubwa ya nchi kavu. Lakini baharini nako kulikuwa na maisha yake.

Chukua mfano wa samaki ambaye Agassiz alimpa jina mwaka wa 1832, Lepidotes. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya magamba, na ukimwona hutauliza sababu. Magamba yake ni mazito, yana pembe nne kama vigae, yamepangwa kwa safu zilizoshikana, na yanang'aa kana kwamba yamepakwa rangi ya vyombo vya kauri. Mnyama huyu aliogelea akiwa amevaa ngao.

Mapezi yake, hata hivyo, hayana ugeni wo wote kwetu. Ni mapezi yanayoshikiliwa na njiti nyembamba za mfupa, mfano wa njiti za mwavuli. Changu, kolekole, ngege na omena tunaowanunua sokoni wote ni wa kundi hilo kubwa la samaki wenye mapezi ya njiti. Meno ya Lepidotes nayo yalikuwa ya mviringo kama vifungo vya shati, kwa ajili ya kusaga viumbe vyenye makombe. Kabla ya elimu kuenea, watu wa Ulaya waliyaokota meno hayo na kuyatia katika pete. Waliamini kwamba ni mawe yanayotoka kichwani mwa chura na kwamba yana uwezo wa kuzuia sumu!

Agassiz alifanya kazi ya samaki hawa usiku na mchana. Mkewe wa pili aliandika baadaye kisa kimoja cha siku za Paris. Kulikuwa na jiwe lenye alama hafifu za samaki, na Agassiz alishindwa kujua amekaaje ndani yake. Kwa usiku tatu mfululizo alimwota samaki huyo akiwa mzima. Usiku wa tatu alikuwa ameweka karatasi na kalamu kando ya kitanda, naye akamchora gizani akiwa nusu usingizini. Kesho yake alilichonga jiwe kwa kufuata mchoro ule, na samaki akatokea vile vile alivyomwota.

Kitabu chake kikuu juu ya samaki wa visukuku kilitoka kwa sehemu tangu mwaka wa 1833 hadi 1843, juzuu tano pamoja na picha nyingi za rangi zilizochorwa na msanii Joseph Dinkel na wengine. Mke wake wa kwanza, Cécile Braun, alikuwa msanii pia, na mkono wake ulimsaidia katika kazi ya kuchora. Gharama za uchapaji zilikuwa kubwa mno hata zikaifilisi nyumba.

MASOMO KWA BINTI YA SEREMALA

Mwaka wa 1834 Agassiz alikwenda Uingereza kuwatazama samaki waliohifadhiwa huko. Alifika katika mji mdogo wa pwani uitwao Lyme Regis, ambako miamba ya Jurasiki inamomonywa na mawimbi na kutoa mifupa kila mwaka.

Huko aliishi Mary Anning, binti ya seremala, aliyejipatia riziki kwa kuokota visukuku magengeni na kuviuza. Hakusoma chuo cho chote. Chama cha Jiolojia cha London hakikuwapokea wanawake, na mabwana wengi walichukua vitu alivyovigundua wakaviandikia makala bila kumtaja. Agassiz hakufanya hivyo. Alikaa chini akafundishwa na Mary Anning na rafiki yake Elizabeth Philpot jinsi ya kutofautisha samaki wa miamba ile, akastaajabu kwa ujuzi wao, na baadaye akawapa samaki majina ya kuwakumbuka wote wawili.

Jambo hili tulikumbuke vizuri. Linaonyesha kwamba mtu huyu hakuzaliwa na upofu. Aliweza kuiona akili pale ambapo wakubwa wenziwe walikuwa wamezoea kuona umaskini na gauni tu.

Mwaka wa 1836 Chama hicho cha London kilimpa nishani yake kuu, ya Wollaston. Mwaka wa 1837 alianza kuwashangaza watu kwa jambo jingine: alisema kwamba zamani barafu nene ilifunika sehemu kubwa ya Ulaya, na kwamba ndiyo iliyosukuma mawe makubwa yanayoonekana mbali na milima yalikotoka. Wengi walimcheka. Alijenga kibanda juu ya barafu ya mto Aar na kuupima mwendo wake, akaandika kitabu mwaka wa 1840. Leo kila mtoto wa shule anafundishwa habari za zama za barafu.

KUPANGA KWA GAMBA

Sasa tuangalie jinsi alivyowapanga samaki wake. Katika mawe, nyama imeoza na mara nyingi mifupa imevurugika, lakini magamba hudumu. Kwa hiyo Agassiz aliwagawanya samaki wote duniani katika makundi manne kwa kufuata magamba: wenye ngozi ya vichembe vigumu kama papa na taa, wenye magamba yanayong'aa kama Lepidotes, wenye magamba yenye meno kama ya kitana, na wenye magamba laini ya mviringo.

Mpango huu ulisaidia sana kwa wakati wake. Lakini haukudumu. Katika miaka ya 1840 Johannes Müller wa Berlin, aliyewapasua samaki na kuchunguza mioyo yao na viungo vya ndani, alionyesha kwamba magamba peke yake yanadanganya. Samaki wawili wenye magamba ya namna moja wanaweza kuwa mbali kwa ukoo, na wenye magamba tofauti wanaweza kuwa ndugu. Vazi la nje si ukoo.

Laiti Agassiz angaliusikiliza ukweli huo na kuupeleka nje ya chumba cha samaki!

HOTELI YA PHILADELPHIA

Mwaka wa 1846, akiwa na madeni na nyumba iliyovunjika, alivuka bahari kwenda Marekani kufundisha. Mkewe Cécile hakwenda naye, akafa mwaka wa 1848 huko Ujerumani. Wamarekani walimpenda Agassiz tangu siku ya kwanza. Alijua kuzungumza, alichora samaki ubaoni huku akisema, na kumbi zilijaa. Chuo cha Harvard kilimpa uprofesa, na mwaka wa 1850 akaoa mke wa pili, Elizabeth Cary wa Boston.

Lakini mnamo Desemba 1846, katika hoteli mjini Philadelphia, alihudumiwa mezani na watu weusi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alimwandikia mama yake barua ndefu. Alieleza jinsi nyuso zao, nywele zao na mikono yao ilivyomchukiza, na kwamba hakuweza kuiondoa moyoni shaka kuwa watu hao si wa damu moja naye. Mji huo huo alikuwa ameonyeshwa mamia ya mafuvu ya vichwa ya daktari Samuel Morton, aliyedai kwamba mafuvu hayo yanapima akili za mataifa.

Tangu hapo Agassiz alianza kufundisha kwamba makabila ya binadamu yaliumbwa mbalimbali, kila moja mahali pake, kama samaki wa mito mbalimbali. Alisema haya hadharani katika mkutano wa wanasayansi mjini Charleston, jimbo la South Carolina, Machi 1850. Mwenyewe alidai kwamba hakuutetea utumwa. Lakini wenye watumwa waliomsikiliza walijua jinsi ya kuyatumia maneno yake.

Safari hiyo hiyo alikwenda mji wa Columbia, akachagua watumwa katika mashamba ya huko. Mpiga picha Joseph Zealy aliwapiga picha wakiwa wamevuliwa nguo, kwa mbele na kwa ubavu, kama vielelezo. Picha 15 zimehifadhiwa, na majina ya watu saba yanajulikana: Renty, aliyesemwa ni wa Kongo, na binti yake Delia, Jack, aliyesemwa ni wa Guinea, na binti yake Drana, na Alfred, Fassena na Jem.

Kuna kisa kinachosimuliwa mpaka leo juu ya ualimu wa Agassiz. Mwanafunzi Samuel Scudder alipofika kwake alipewa samaki mmoja aliyehifadhiwa katika pombe, akaambiwa amtazame. Baada ya dakika kumi Scudder alidhani ameona yote. Mwalimu akamrudisha. Alimtazama samaki yule kwa siku tatu, na kila siku aliona jambo jipya. Hivyo ndivyo samaki mmoja alivyopewa siku tatu. Watumishi wa Philadelphia, walioleta chakula na kuondoa sahani, walihukumiwa kwa muda wa mlo.

WARAKA NA DARWIN

Mwaka wa 1859 Agassiz alifungua jumba lake kubwa la makumbusho ya wanyama huko Harvard. Mwaka huo huo Charles Darwin alitoa kitabu chake kuhusu chanzo cha aina za viumbe. Agassiz alikipinga mpaka kufa. Na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameonyesha kwamba samaki wa kale sana wana mikia ambayo upande wa juu umerefuka kuliko wa chini, na kwamba samaki wengi wa leo huanza hivyo wakiwa wachanga. Ushahidi aliukusanya kwa mikono yake, wengine wakausoma.

Mwaka wa 1863, wakati wa vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, mjumbe wa tume ya serikali iliyochunguza hali ya watumwa waliokombolewa, Samuel Howe, alimwomba ushauri. Agassiz alijibu kwamba kuchanganya damu ya weusi na weupe ni hatari kubwa na kwamba usawa wa jamii haufai kutolewa kwa haraka. Watu waliokuwa ndiyo kwanza wametoka minyororoni walihukumiwa tena, safari hii na profesa wa samaki.

Alifariki tarehe 14 Desemba, 1873. Juu ya kaburi lake liliwekwa jiwe kubwa lililoletwa kutoka kwenye barafu ya Aar.

JINA LINAPOSHUKA

Kwa muda mrefu Agassiz alibaki shujaa. Milima, mitaa na shule zilipewa jina lake. Mwaka wa 1906 tetemeko la ardhi la California liliiangusha sanamu yake katika Chuo cha Stanford, ikajichomeka kichwa chini katika sakafu ya saruji, miguu hewani. Iliinuliwa ikarudishwa mahali pake.

Mwaka wa 1976 picha za Renty na wenzake zilionekana katika dari ya jumba la makumbusho la Harvard, na watu wakaanza kuuliza maswali. Mwaka wa 2007 serikali ya Uswisi ilikataa ombi la kuupa mlima Agassizhorn jina la Renty. Lakini mwaka wa 2019 mji wa Neuchâtel uliondoa jina la Agassiz kwenye uwanja wa chuo kikuu na kuweka la Tilo Frey, mwanamke mwenye asili ya Kameruni aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuingia bunge la Uswisi mwaka wa 1971. Na mwaka wa 2025, baada ya kesi ya miaka mingi iliyofunguliwa na mwanamke aliyesema yeye ni wa kizazi cha Renty, Harvard ilikubali kuzitoa picha hizo ziende kwenye makumbusho ya Waamerika wenye asili ya Afrika huko Charleston.

Mjini Cambridge, karibu na Harvard, kulikuwa na shule iliyoitwa Agassiz. Tangu mwaka wa 1889 mwalimu mkuu wake alikuwa Maria Baldwin, mwanamke mweusi, na aliiongoza kwa sifa kwa miaka mingi. Watoto wa maprofesa walifundishwa kusoma chini ya mtu ambaye, kwa elimu ya Agassiz, hangeweza kuwafundisha. Mwaka wa 2002 shule hiyo ilipewa jina la Maria Baldwin.

SAMAKI WA TENDAGURU

Tumeahidi kurudi nyumbani. Katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, Tanzania, Wajerumani walichimba visukuku vya Jurasiki tangu mwaka wa 1909 hadi 1913. Waliochimba hasa walikuwa Waafrika, mia kadhaa, na wao ndio waliobeba mizigo vichwani mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, aliyesifika kwa ustadi wa kuitoa mifupa katika udongo bila kuivunja. Mwaka wa 2007 mjusi mmoja mkubwa wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Pamoja na mijusi kulikuwa na samaki. Wataalamu walipomwandika mwaka wa 1999 walimwita Lepidotes tendaguruensis, kwa jina lile lile la kwanza ambalo Agassiz alilitunga mwaka wa 1832. Ni samaki mwenye ngao, mwenye mapezi ya njiti, aliyeogelea katika maji ya pwani yetu kabla ya binadamu ye yote, mweusi au mweupe, kutokea.

Basi tuitupe elimu ya Agassiz? La hasha. Samaki wake ni wa kweli, barafu yake ni ya kweli, na kuvikana ni kujinyima. Lakini tusiitaje sifa yake bila kuwataja Renty na Delia, Jack na Drana, Alfred, Fassena na Jem. Huko Lindi, mikono ya watu ambao Agassiz aliwatilia shaka ndiyo iliyoichimba miamba ya samaki huyo na kuisafirisha salama. Angalikuwa hai, na angaliwatazama kwa siku tatu kama alivyomtazamisha Scudder yule samaki, pengine angaliona.